Hedhi ilikoma zamani, homoni inatoka wapi tena?

Dada, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Moshi na nauza ndizi Kiboriloni. Nina watoto wanne na wajukuu sita. Mwaka juzi nilikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa la embe. Nilikaa nao miezi minne bila kumwambia mtu, mpaka binti yangu mkubwa aliponibana nikaenda hospitali. Wakachukua kinyama wakapeleka maabara, majibu yakaja kwamba ni saratani. Nikakatwa titi, nikapewa dripu mara sita, nywele zikatoka zote zikaota tena. Mungu ni mwema.

Baada ya hapo daktari aliniambia saratani yangu ni ile inayokula homoni, akaniandikia vidonge vya anastrozoli, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Sikuuliza kitu. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa amechoka. Niliitikia tu nikatoka.

Nimemeza miezi 14. Kuanzia mwezi wa tatu viungo vyote vilianza kukaza. Asubuhi, hasa kwa baridi hii ya mwezi wa saba, vidole havikunjiki. Ndizi za mtori ananimenyea mjukuu wa miaka tisa. Nikishuka kwenye daladala inabidi nisimame kwanza magoti yakubali. Usiku joto linanipanda, natupa blanketi, namwamsha mzee.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa akili. Akaniuliza: "Wewe hedhi ilikoma ukiwa na miaka 49. Homoni ya kike inatoka kwenye ovari, na zako zimelala miaka tisa. Sasa hicho kidonge kinazuia homoni gani? Na titi lenyewe si limeshakatwa?" Nilikosa la kujibu. Akasema nimepewa dawa ya wanawake wenye hedhi kwa makosa, najitesa bure. Akaniambia pia niache uji wa soya kwa kuwa soya ina homoni, na kwamba ugonjwa wenyewe nimeuleta mimi kwa unene. Nina kilo 94, siwezi kukataa.

Nikaacha vidonge. Leo ni siku ya 23. Vidole vimeanza kulegea, nisikudanganye, na nimefurahi.

Ila kuna jambo linaloninyima usingizi. Nina jirani wa miaka 41, naye ana saratani ya titi na bado anaona siku zake. Yeye anameza tamoksifeni. Mwezi huu zimemwishia na hela hana. Nikawaza, kama alivyosema wifi, mwenye homoni ni yeye, si mimi. Nikampa pakiti zangu mbili za anastrozoli. Anazimeza tangu Jumatatu iliyopita.

Dada, nimekosea? Na hiyo homoni yangu inatoka wapi? Binti yangu wa miaka 33 naye anauliza kama yumo hatarini.

Mama wa Kiboriloni, Moshi

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa yote uliyopitia.

Nitaanza na jirani, kwa sababu la kwake halingoji. Ukimaliza aya hizi mbili, nenda kwake. Mwambie aache vidonge vyako, akurudishie vilivyobaki, na kesho asubuhi aende kliniki yake aseme wazi: tamoksifeni iliniisha, nikameza anastrozoli siku kadhaa. Asifiche. Hakuna muuguzi mwenye utu atakayemgombeza kwa hilo, na akigombezwa avumilie, dawa aipate.

Sababu ni hii. Mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, ukimpa anastrozoli peke yake, ubongo unaona homoni imepungua, unatuma amri ovari ziongeze bidii. Zinatii. Kidonge kinazidiwa nguvu, na ovari zinaweza hata kuchochewa kupita kawaida. Madaktari huwapa wanawake wa umri wake dawa za kundi hilo pale tu ambapo ovari zimelazwa kwa sindano au zimeondolewa. Tamoksifeni inafanya kazi kwa njia nyingine: yenyewe inakaa mlangoni mwa chembe ya saratani, homoni ikifika inakuta kiti kimekaliwa. Ndiyo maana yeye alipewa ile na wewe ukapewa hii. Kwa hiyo kwa siku hizi chache jirani yako amekuwa anameza kidonge kisichomkinga. Kuhusu hela, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, aingie aeleze hali yake kabla hajafika dirisha la dawa. Na kama mna kikundi cha kuweka na kukopa, au jumuiya, hili ni jambo la kusemwa mbele ya wenzenu. Ulimpa kwa huruma, najua. Sasa nenda.

Nikirudi kwako. Swali la wifi yako si la kijinga. Madaktari wenyewe lilisumbua vichwa vyao miaka mingi, na laiti ungeliuliza siku ile ulipopewa dawa, usingefika hapa. Lakini kosa si lako peke yako. Nimekuwa muuguzi wodi ya upasuaji miaka 31, nimesimama upande ule wa meza, na nimewahi kumkabidhi mama vidonge hivi nikimwambia tu "kimoja kila siku, usiache", kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu arobaini. Wengine waliacha, kama wewe. Hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana leo sitakujibu kwa mistari miwili.

Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, Uskoti, George Beatson, alitoa taarifa kwamba amewaondoa ovari wanawake wenye saratani ya titi iliyokwishasambaa, na kwa baadhi yao uvimbe ulinywea. Wakati huo hata jina la estrojeni, hiyo homoni ya kike tunayoizungumza, halikuwepo. Alichoonyesha ni kwamba titi linapokea amri kutoka mbali. Hapo wifi yako yuko sahihi kabisa: kwa mwanamke mwenye hedhi, bosi ni ovari.

Shida ikaja kwa akina mama wa umri wetu. Wengi wanaopata saratani ya titi inayotegemea homoni wameshakoma hedhi, na ovari zao hazitoi tena estrojeni ya maana. Inakula nini basi? Katika miaka ya 1950, Charles Huggins na wenzake wa Chicago walijaribu jambo zito: wakaondoa tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Lakini tezi hizo hazitengenezi estrojeni kwa wingi. Zinatengeneza androjeni, homoni ambazo watu huziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo. Sasa androjeni inageukaje kuwa chakula cha saratani ya titi?

Nikueleze kwa lugha ya kwetu. Nimezaliwa Marangu ingawa naishi Arusha sasa, nimeona mbege ikipikwa tangu utoto. Ulezi mkavu ukiupikia uji, unabaki uji. Ulezi uliooteshwa ukawa kimea una kitu ndani yake kinachougeuza wanga kuwa sukari, na hiyo sukari ndiyo inayochacha. Vitu vya namna hiyo, vinavyogeuza kitu kimoja kuwa kingine, kwa Kiswahili cha shuleni huitwa vimeng'enya. Mwili wako una kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Kazi yake ni moja: kuichukua androjeni na kuigeuza estrojeni. Ovari zinacho kwa wingi. Lakini kipo pia kwenye ubongo, kwenye mifupa, kwenye ngozi, na kipo kwenye mafuta. Mafuta ya tumbo, ya makalio, ya mapaja. Na mafuta ya titi.

Hilo ndilo jibu la swali la wifi. Ovari zikilala, adrenali zinaendelea kutoa androjeni, damu inazisambaza mwili mzima, na kila penye mafuta panageuka jiko dogo. Watafiti waliochunguza miaka ya 1970 walikuta kwamba kwa mwanamke aliyekoma hedhi karibu estrojeni yote inatoka kwenye majiko hayo ya pembeni. Kiwanda kikubwa kimefungwa, wapishi wa nyumbani wanaendelea.

Na titi lina la kwake zaidi. Wewe unaijua mifongo ya mlimani, ile mifereji ya wazee. Ukitaka kujua kama shamba la jirani lina maji, unaangalia mfongo wake. Ukiwa mkavu unasema shamba limekauka. Ndivyo madaktari walivyofanya: walipima damu za wanawake waliokoma hedhi, wakakuta estrojeni kidogo sana. Kisha wakapima nyama ya titi yenyewe. Wakakuta estrojeni mara 10 hadi 20 ya ile iliyo kwenye damu. Mfongo mkavu, shamba limelowa! Maana yake kuna chemchemi humo humo ndani. Mwanamke anaweza kupimwa damu akaambiwa homoni zako ziko chini kabisa, na uvimbe wake ukawa unashiba. (Si aromatasi peke yake. Titi linajua pia kuiamsha estrojeni iliyolala, ile inayozunguka kwenye damu ikiwa imefungiwa isifanye kazi. Lakini kwa dawa yako wewe, habari kuu ni aromatasi.)

Jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza zaidi nilipolisoma ni la Edinburgh, mwaka 1988. Watafiti walichukua matiti yaliyokatwa kwa sababu ya saratani, wakayagawa robo nne nne, wakapima nguvu ya aromatasi kwenye mafuta ya kila robo. Mara nyingi robo yenye uvimbe ndiyo iliyokuwa na aromatasi yenye nguvu kuliko zote. Si titi zima kwa usawa. Pale pale jirani na uvimbe.

Nani alimwanza mwenzake? Inawezekana uvimbe uliota pale kwa sababu jiko lilikuwa linawaka. Lakini tafiti zilizofuata zilionyesha na upande wa pili. Chembe za saratani hutoa kemikali, mojawapo ni prostaglandini, zile zile ambazo mwili huzitoa penye kidonda au uvimbe wa joto. Kemikali hizo zikizifikia chembe changa za mafuta zilizo karibu, zinaziamrisha ziongeze aromatasi. Chembe za mafuta zinatii, estrojeni inaongezeka, saratani inakula, inakua, inatoa prostaglandini zaidi. Hebu fikiria mgeni anayeingia kwako, hakuombi chakula, anakuwashia jiko lako mwenyewe na kukulazimisha umpikie. Kila akishiba anaongeza kuni.

Kidonge chako kinazima aromatasi. Hicho tu. Hakiwezi kuzishinda ovari zinazofanya kazi, ndiyo maana peke yake hakimfai jirani yako, na ndiyo maana kinakufaa wewe ambaye ovari zimenyamaza. Wifi amegeuza: dawa hii si ya wenye hedhi iliyokupotea njia ikakufikia wewe. Imetengenezwa kwa ajili ya mwanamke kama wewe hasa. Mwanasayansi Angela Brodie, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alianza miaka ya 1970 kutafuta kitu cha kuzima aromatasi, wakati watu wengi hawakuamini kwamba inafaa kuhangaika nayo. Dawa za sasa, anastrozoli, letrozoli na eksemesteni, zimefuata njia aliyoifungua. Ukimeza kila siku, ugeuzaji wa androjeni kuwa estrojeni mwilini unashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Na dawa inaingia mpaka kwenye titi, haiishii kwenye damu.

Lakini titi si limekatwa? Hili nalo ngoja nilijibu. Kisu kilitoa uvimbe uliokuwa unaonekana. Kinachohofiwa ni chembe chache, ndogo zisizoonekana kwa kipimo chochote, ambazo pengine zilitoka kabla ya upasuaji. Zinaweza kukaa kwenye mfupa, kwenye ini, kwenye mapafu, hata kwenye kovu. Zikikosa estrojeni zinalala au zinakufa. Zikipata, zinaweza kuamka baada ya miaka mingi, hata kumi na zaidi, kwa kuwa saratani hizi za homoni zina subira mbaya. Na titi la kulia bado unalo, pamoja na mafuta yake.

Faida yake ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2015 zilichapishwa hesabu za pamoja za majaribio 9 yaliyohusisha wanawake wapatao 32,000 waliokoma hedhi. Waliotumia dawa za kundi lako miaka mitano, ukiwalinganisha na wasiotumia dawa yoyote ya homoni, vifo vya saratani ya titi ndani ya miaka kumi vilipungua kwa karibu asilimia 40. Hizo ndizo kinga ulizoziweka kabatini siku 23 zilizopita.

Ila yote haya yanasimama juu ya jambo moja: karatasi ya maabara. Ile ya kinyama cha kwanza. Tafuta palipoandikwa ER na PR, yaani vipokezi, ile milango ya chembe inayopokea homoni, uone kama mbele yake pameandikwa kwamba vipokezi vipo. Duniani saratani za titi kama saba katika kumi zina vipokezi hivyo, lakini kwetu Afrika zisivyokuwa navyo ni nyingi zaidi kuliko kwingine, na asiyekuwa navyo hafaidiki na kidonge hiki. Daktari wako alikwambia saratani yako inakula homoni, bila shaka aliiona karatasi. Wewe pia una haki ya kuiona. Ikiwa haipo kwenye faili lako, omba nakala.

Basi rudi kwenye dawa. Vidonge atakavyokurudishia jirani, endelea kimoja kila siku, usimeze viwili kufidia zilizopita. Na wiki hii nenda kliniki, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Siku 23 katika miaka mitano si mwisho wa dunia. Miezi ingekuwa habari nyingine.

Sasa maumivu, ambayo nayaamini kabisa. Usikubali mtu akwambie ni uzee. Karibu nusu ya wanawake wanaomeza dawa hizi hupata maumivu na kukaza kwa viungo, hasa vidole, viganja na magoti, hasa asubuhi, na ulivyoeleza ndivyo lilivyo. Sababu ni ile ile tuliyoizungumza: aromatasi inazimwa kila mahali, na viungo na mifupa vilikuwa vinategemea estrojeni hiyo kidogo. Mwili mzima unalipa gharama ya kuinyima saratani. Ni gharama ya kweli, na inapunguzika.

Mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, na mfano wa mjukuu anayekumenyea ndizi usiuache. Neno "viungo vinauma" wanalisikia kutwa. Mtu akisikia kwamba huwezi kushika kisu, anaelewa. Anaweza kukubadilishia kwenda letrozoli au eksemesteni, kwa sababu ajabu ni kwamba mwanamke anayeteswa na moja wakati mwingine anaivumilia nyingine. Anaweza kukupumzisha wiki chache kwa mpango, wewe na yeye mkijua tarehe ya kurudi. Anaweza kukuhamishia tamoksifeni, ambayo kwa umri wako nayo inafanya kazi ingawa kwa kinga iko nyuma kidogo, na ina mambo yake ya kuangaliwa, damu kuganda na kizazi. Atakupa dawa ya maumivu inayoendana na presha yako na tumbo lako. Usijinunulie diklofenaki dukani ukameza mwezi mzima.

Na tembea. Najua inasikika kama utani kumwambia mwenye magoti mabaya atembee, lakini majaribio yaliyofanywa kwa wanawake wanaomeza dawa hizi yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa utaratibu, kutembea haraka na kunyanyua uzito mwepesi, maumivu yalipungua kuliko wenzao waliokaa. Asubuhi loweka viganja kwenye maji ya uvuguvugu, ukunje na kukunjua mpaka vilegee, ndipo ushike kazi. Mifupa nayo inahitaji kupimwa, kwa sababu dawa hii huipunguza nguvu polepole bila kuuma. Uliza kuhusu kipimo, kalsiamu na vitamini D. Maziwa na dagaa wa kutafuna na mifupa yao visikosekane.

Kuna maumivu ya aina nyingine ambayo hayaingii humu. Yakikaa mahali pamoja, mgongoni au nyongani kwa mfano, yakakuamsha usiku na kuongezeka wiki hadi wiki, hayo usiyaweke kwenye hesabu ya vidonge. Peleka haraka.

Unene. Hapa wifi ana ukweli nusu na ukali mwingi. Baada ya hedhi kukoma, mafuta yakiwa mengi majiko nayo ni mengi, na mafuta yaliyozidi huwa na mwako wake wa ndani: chembe za mafuta zilizojaa sana hufa, askari wa mwili huzizunguka kuzisafisha, na katika purukushani hiyo zinatoka zile zile prostaglandini zinazochochea aromatasi. Kwa hiyo ndiyo, unene baada ya kukoma hedhi unaongeza uwezekano wa saratani hii. Lakini kuna wembamba wanaoipata na wanene wanaozeeka salama, na hakuna binadamu anayeweza kukutazama akasema wewe umejiletea. Usilibebe hilo. Punguza kilo polepole kwa sababu zitakusaidia kuanzia leo, magoti yako yatakuwa ya kwanza kushukuru. Sahani ya ugali ipungue, mboga ziongezeke, soda iondoke. Na pombe, mdogo wangu, mbege ikiwemo. Nimeitumia kukuelezea kimea na ni kinywaji cha wazee wetu, lakini kilevi cha aina yoyote kinaongeza hatari ya saratani ya titi, na wewe umeshaugua. Kwenye sherehe shika kibuyu, mpe anayefuata.

Uji wa soya kunywa. Soya ina vitu vya mimea vinavyofanana na estrojeni kwa umbo, lakini wanawake waliougua saratani ya titi wanaokula soya ya chakula hawajaonekana kurudiwa na ugonjwa zaidi ya wengine. Nisichokubali ni vidonge na unga wa kurudisha ujana unaouzwa stendi, usiojulikana una nini ndani. Vivyo hivyo krimu yoyote ya ukavu wa ukeni, muulize daktari kwanza, maana baadhi ni estrojeni yenyewe.

Binti yako wa miaka 33 si mgonjwa, ila historia yako inamhusu. Ajue matiti yake yalivyo ili badiliko alione mapema, na atakapokuwa na miaka 40 na kitu azungumze na daktari kuhusu vipimo. Kama kuna mwingine kwenu aliyeugua titi au ovari, hasa kabla ya miaka 50, aliseme hilo mapema zaidi. Na kama anakuta kitu leo, asikae nacho miezi minne kama mama yake.

Siku ya kliniki usiende peke yako. Mchukue wifi. Ikiwa faili lako liko hospitali ya KCMC, mfike mapema kabla foleni haijakaza, mkae pamoja, na mkiitwa aingie nawe mpaka ndani. Wewe sema habari ya vidole na siku 23. Kisha mwachie yeye amuulize daktari lile swali lake, kwa mdomo wake mwenyewe: hedhi ilikoma miaka tisa iliyopita, homoni inatoka wapi?